Kona ya Kwanza Unailipa

Chumba kilikuwa cha mbao na mabati, mlango wake ukitazama barabara ya Oicha. Ndani mlikuwa na mabenchi mawili, televisheni ya inchi 21, na PlayStation 2 ambayo mfuniko wake ulifungwa kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli usije ukafunguka katikati ya mchezo. Nyuma ya ukuta lilinguruma jenereta dogo, likinywa petroli iliyonunuliwa kwa chupa kutoka kwa wale wauzaji wa kando ya barabara tunaowaita makadafi. Ndege ilipokuja kutua kwenye kiwanja cha Mavivi, mabati yote yalitetemeka na sauti ya injini kwenye televisheni ikamezwa. Hapo ndipo ulipomjua mchezaji. Waliozoea kubadili gia kwa sikio walipotea. Wachache walioijua njia kwa macho na kwa vidole waliendelea kama kawaida.

Nilikuwa na miaka 14, mwaka 2009. Mavivi iko kama kilomita 10 kutoka mjini Beni, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya taifa namba 4, na wageni wengi wanaijua kwa kiwanja cha ndege tu. Mimi ninaijua kwa chumba kile. Mwenye nacho alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye sote tulimwita Yaya, kama tunavyowaita kwetu kaka na dada waliotutangulia kuzaliwa. Alitoza faranga 100 kwa dakika kumi. Ukutani, kwenye ubao mweusi, aliandika kwa chaki muda bora wa wiki na jina la aliyeuweka. Aliyeuvunja alicheza nusu saa bure. Kwa watoto ambao faranga 100 ilikuwa hela ya maandazi ya asubuhi, zawadi hiyo ilitosha kumnyima mtu usingizi.

Mchezo wetu ulikuwa Gran Turismo 4, uliotoka Japani Desemba 2004. Ulikuwa na magari zaidi ya 700, lakini Yaya alituruhusu moja tu kwa mashindano ya ubao: Toyota Altezza. Gari hilo tulilifahamu. Moja lilikuwa likipita mara kwa mara kwenda Beni, usukani wake kulia kwa kuwa lilikuja kupitia Uganda, nasi tuliacha kila kitu kulitazama. Njia nayo ilikuwa moja, Suzuka. "Gari moja, njia moja," alisema Yaya, "ndipo tutajua nani dereva na nani mwenye gari zuri."

Suzuka ina urefu wa kilomita 5.8 na ilifunguliwa mwaka 1962. Umbo lake ni kama tarakimu ya nane. Sehemu moja inapita juu ya nyingine kwa daraja. Ndani ya majuma machache nilikuwa nimeizoea karibu yote. Kilichonishinda kilikuwa mwishoni kabisa. Ukishamaliza kona ndefu ya kushoto iitwayo 130R, ambayo unaipita mafuta yakiwa yamebonyezwa hadi mwisho, unakuta barabara imekatwa ghafla: kulia, kisha kushoto, kona mbili zilizobanana kiasi kwamba hujamaliza ya kwanza ya pili imeshafika. Baada yake unapinda kulia tena na kuteremka hadi mstari wa kumalizia. Wenyewe waliziita Pembetatu ya Casio. Yaya, aliyesoma shule ya Kifaransa kama sisi, aliziita shikani. Masikio yetu ya Kiswahili yalisikia amri: shikeni! Nasi tulishika maneti, vile vidhibiti vya mchezo, kwa mikono miwili kama watu wanaoning'inia mtini.

Kila mzunguko wangu ulifia hapo. Nilifika kwa kasi kuliko mtoto yeyote chumbani, nikapiga breki dakika ya mwisho, nikaipinda kona ya kulia vizuri hadi wenzangu wakapiga kelele. Halafu kona ya kushoto ilikuja gari likiwa bado linakimbilia ukingoni, na nilichokiona kilichofuata ni mchanga. Siku nyingine niliwahi kupinda, lakini mkia ukaniacha, gari likazunguka na kutazama nilikotoka. Nilianza tena. Nilibonyeza breki kwa nguvu zaidi, nilichelewa zaidi, nilipinda kwa hasira zaidi. Nilitumia hela ya maandazi ya miezi mitatu kufanya kosa lilelile kwa bidii.

Wapo walioamua kuikwepa shikani. Walikatiza moja kwa moja juu ya majani, na mchezo wenyewe haukuwaadhibu. Yaya aliwaadhibu. Alisimama, akachukua kitambaa, akafuta muda wao ubaoni bila kusema neno, na dakika zao kumi zilikuwa zimekwisha. "Aliyekata majani," alisema siku moja alipoulizwa, "hajapita Suzuka. Amepita mahali pengine."

Yeye mwenyewe alipocheza alionekana mzembe. Alipofika pale alipiga breki mapema, gari likaonekana kama limechoka, akaingia kona ya kulia taratibu hata nikaona haya kwa niaba yake. Kisha mwishoni mwa mzunguko saa ilisoma muda ambao sikuwahi kuukaribia. Nilimwomba anifundishe. Alinijibu kwa sentensi moja tu: "Mudogo wangu, kona ya kwanza unailipa, ya pili inakulipa." Nikadhani ananificha siri.

Aliyenifungua macho hakuwahi kushika maneti maishani mwake. Baba mdogo wangu alikuwa dereva wa Fuso, akipakia maharage, viazi na kabichi za Lubero na kuzipeleka Goma. Jumapili moja alikuja kututembelea, akanifuata chumbani kunirudisha nyumbani kula, akaketi kwenye benchi kusubiri dakika zangu ziishe. Alitazama nikiruka mchangani mara tatu. Halafu akaniomba chupa ya maji.

Ilikuwa imejaa nusu. Aliilaza kwenye kiganja chake na kuusogeza mkono kulia kwa ghafla. Maji yakakimbilia upande mmoja na kugonga ukuta wa chupa. Kabla hayajatulia akaurudisha mkono kushoto. Maji yakarudi yote kwa pamoja, kwa nguvu maradufu, na chupa ikaruka kutoka kiganjani ikaanguka chini.

"Umeona?" alisema. "Ile muzigo njo inakugeuza, hapana usukani."

Kisha akatusimulia mteremko wa Kabasha, ambapo barabara ya Butembo kwenda Goma inashuka kutoka Kanyabayonga hadi tambarare ya Rwindi kwa kona za kujirudia kama utumbo. Ukishuka na magunia, alisema, kila kona inalaza mzigo upande mmoja. Dereva anayekufa pale ni yule anayetaka kugeuza kwenda upande wa pili kabla mzigo haujamaliza safari yake ya kwanza. Dereva anayefika Goma anaingia kona akiwa ameshapunguza mwendo, anasubiri Fuso ipumue, kisha ndipo anageuza. "Subiri maji yarudi," alisema, akaokota chupa yake. Chumba kizima kilikuwa kimya, na Yaya alikuwa akitabasamu.

Tangu siku hiyo nilianza kujifunza shikani upya, na nataka kuieleza njia yenyewe kwa makini, maana yote niliyojifunza baadaye yamo ndani yake.

Ukitoka kwenye ile kona ndefu, nyoosha gari kwanza. Usiguse breki gari likiwa bado limelalia upande mmoja, kwa sababu matairi yanayoshughulika na kupinda hayana nguvu ya kutosha kusimamisha. Lipeleke ukingo wa kushoto, ili kona ya kulia iwe pana mbele yako. Chagua alama isiyohama, ubao au mwanzo wa ukingo uliopakwa rangi, na upige breki hapohapo kila mara. Gari la mbele si alama, kwani nalo linaweza kuwa limekosea. Kazi kubwa ya breki ifanyike gari likiwa limenyooka, huku unashusha gia moja baada ya nyingine hadi ya pili.

Sasa inakuja sehemu ya vidole. Vitufe vya maneti ya PlayStation 2 havikuwa kama swichi ya taa, washa au zima. Vilipima nguvu ya kidole: ukibonyeza mraba kidogo, gari linapata breki kidogo, ukikandamiza, linapata yote. Maneti za bandia zilizouzwa sokoni nyingi hazikuwa na uwezo huo, ndiyo sababu Yaya alizilinda zake mbili za asili kama mboni ya jicho. Basi ukianza kupinda kulia, usiiachie breki ghafla. Ilegeze polepole, kama mtu anayefungua kiganja kuachia ndege. Uzito ulioelemea mbele unayapa matairi ya mbele nguvu ya kugeuka. Ukiuachia kwa mshtuko, pua inainuka na gari linakataa kupinda.

Iguse kona ya kulia kwa kuchelewa, mbele kidogo ya pale macho yanapokuvuta. Halafu fanya jambo ambalo nilikuwa nimeshindwa kulifanya miezi mitatu: usiliachie gari litelezee kushoto. Kona ya kwanza inakualika utoke nayo kwa upana, maana ndivyo unavyotunza mwendo. Kataa mwaliko huo. Libakize gari upande wa kulia, ingawa saa inakuambia unapoteza. Nafasi hiyo unayoinunua kwa mwendo ndiyo inayoifanya kona ya kushoto iwe pana. Subiri kidogo, maji yarudi. Geuza kushoto mara moja, kwa utulivu, bila kurekebisharekebisha. Usukani ukianza kunyooka, kidole gumba kinabingirika kutoka mraba kwenda msalaba, na mafuta yanaongezeka kadiri usukani unavyonyooka. Altezza inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukiipa mafuta yote ikiwa bado imejikunja, mkia utakuaga.

Ukifanya hivyo unatoka ukiwa na mwendo, na mbele yako upo mpindo wa mwisho, kisha mnyoofu mrefu wa mbele ya jukwaa. Hapo hesabu inaanza kukulipa. Niliwahi kutoka kwa kilomita 65 kwa saa. Kwa njia mpya nilitoka kwa 75. Tofauti ya kilomita 10 kwa saa ni karibu mita 2.8 kila sekunde, na unaibeba mnyoofu mzima. Hata ikipungua kidogo kidogo njiani, baada ya sekunde kumi umeshamwacha mwenzako kwa urefu wa magari kadhaa. Pale mwanzoni, kwenye kona ya kulia, ulimpa labda theluthi moja ya sekunde. Alifurahi nayo kwa muda mfupi sana.

Bibi yangu alikuwa na methali zake kuhusu haraka, na nilizisikia zote. Haraka haraka haina baraka. Mwenda pole hajikwai. Nilizielewa kama maneno ya wazee wasiotaka kuharakishwa, ushauri wa kuridhika na kufika kwa kuchelewa. Shikani ilinionyesha maana ambayo sikuwa nimeiona. Yaya hakwenda pole ili achelewe. Alikwenda pole mahali pamoja, kwa makusudi, kwa sababu alishajua mahali pengine atakapokwenda mbio. Upole wake ulikuwa na anwani. Siku nilipouvunja muda wake, kwa sekunde moja kasoro kidogo, aliandika jina langu kwa chaki mpya. Nusu saa yangu ya bure sikuitumia kwenye Suzuka. Nilichagua njia ndefu ya Le Mans nikaendesha tu, kama mtu anayetembea baada ya chakula kizuri.

Le Mans ndiyo iliyonifundisha shikani zilitoka wapi. Mchezo ule ulikuwa na sura mbili za njia hiyo, moja yenye shikani na nyingine isiyo nazo, na nilijiuliza kwa nini. Nilikuja kujua baadaye. Kulikuwa na mnyoofu wa karibu kilomita 6 kwenye barabara za kawaida za Ufaransa, na mwaka 1988 gari moja lilipimwa pale likikimbia kilomita 405 kwa saa. Magari yalikuwa yamezidi uwezo wa mahali penyewe. Wasimamizi wa mbio wakaamua kwamba mnyoofu usizidi kilomita 2, na mwaka 1990 shikani mbili zikajengwa katikati yake. Ya Suzuka nayo haikuwepo tangu mwanzo. Iliongezwa mwaka 1983. Kwa hiyo kile nilichokichukia utotoni kama mtego kiliwekwa na watu waliohesabu na kuogopa kwa ajili ya wengine. Shikani ni sentensi iliyoandikwa kwa lami: hapa, kabla hujafa, punguza.

Chumba kilifungwa mwaka 2014. Oktoba ile yalianza mauaji ya usiku katika wilaya yetu ya Beni, na watu wa vijiji vya barabara ya Oicha walikuwa wakilala kwa majirani, wakikimbilia mjini, wakirudi mchana kutazama mashamba yao ya kakao. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuacha mtoto wake abaki kwenye chumba chenye kelele za jenereta baada ya giza kuingia. Yaya aliuza televisheni, akahamia Butembo. Ubao mweusi ulibaki ukutani muda mrefu, majina yetu yakififia juu yake.

Mimi nilinunua pikipiki, kwetu tunaiita moto, kwa mkopo wa familia nikaanza kubeba abiria kati ya Mavivi na Beni. Nilikuwa na miaka 20, na niliamini nina jambo ambalo wenzangu wa kijiweni hawana. Katika imani hiyo sikuwa nimekosea kabisa. Mhispania Lucas Ordóñez alianza kwa kushinda shindano la Gran Turismo mwaka 2008, akapewa gari la kweli, na mwaka 2011 alisimama kwenye jukwaa la washindi wa daraja lake pale Le Mans, njia ileile niliyoizunguka kwa vidole. Macho yaliyofundishwa kutafuta alama, subira ya kungoja uzito urudi, vyote vinahama kutoka kwenye skrini kwenda barabarani. Nilikuwa navyo. Nilichokikosa nilikigundua mwaka wa pili wa kazi.

Ilikuwa msimu wa mvua. Lori lilikuwa limezama kwenye tope, na magari yalikuwa yameshachonga njia ya kulizunguka: unaacha barabara kwa kulia, unapita ubavuni mwa lori, unarudi kwa kushoto. Nyuma yangu alikaa mama mmoja na beseni la sombe, majani ya muhogo, mapajani, akienda sokoni Beni. Nilipoiona njia ile niliitambua mara moja. Kulia, kushoto, zimebanana. Nilijua la kufanya kuliko mtu yeyote barabarani siku ile.

Lakini pembeni yangu alitokea dereva mwingine wa moto, naye akaelekea kwenye mlango uleule. Alinitazama. Nikamtazama. Na mimi, niliyejua kwamba kona ya kwanza hulipwa, nikakataa kuilipa kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuipokea.

Wakati huo sikuijua habari ya Suzuka ya tarehe 22 Oktoba 1989. Siku hiyo madereva wa mbio Ayrton Senna na Alain Prost, wote wawili wa timu ya McLaren, waliwania ubingwa wa dunia, na ilibaki mizunguko michache tu. Senna alijipenyeza kwa ndani kuelekea kona ya kulia ya shikani ileile. Prost akageuza bila kumpisha. Magari yao yakashikana na kusimama katikati ya barabara. Prost alishuka. Senna alisukumwa na wasaidizi wa njia, akapita njia ya pembeni bila kuizunguka shikani, akamaliza wa kwanza, kisha ushindi wake ukafutwa kwa sababu hiyo. Prost akawa bingwa. Wapenzi wa mbio bado wanabishana nani alikuwa na haki. Nikiitazama picha ya ajali ile leo naona madereva wawili walioijua kona ile kuliko karibu kila mtu aliyekuwa hai, na ujuzi wao wote haukuweza kufanya kazi, kwa sababu kila mmoja alihitaji mwenzake ndiye alipe.

Yule mwenzangu wa tope alipita. Mimi niliingia nikiwa na mwendo wa mtoto wa miaka 14, gurudumu la nyuma likaelekea kwake, tukaanguka ubavuni mwa lori. Mimi nilichubuka. Mama alivunjika kifundo cha mkono. Sombe yake yote ilikanyagwa kwenye tope, na nakumbuka kwamba kabla ya kulia kwa maumivu alianza kuiokota kwa mkono mzima.

Kwenye chumba cha Yaya, baada ya kila kosa kulikuwa na kitufe cha kuanza tena. Kosa langu lilinigharimu sekunde chache na aibu ndogo. Faida ya mchezo ni hiyo, na ni faida kubwa: unaweza kukosea mara mia mbili hadi vidole vielewe. Lakini kitufe kilekile kilikuwa kimenifundisha kimyakimya jambo lisilo la kweli, kwamba anayelipa kosa langu ni mimi peke yangu. Gari la mchezo halina abiria. Hakuna mtu nyuma yako mwenye beseni, anayehesabu moyoni atakachonunua kwa hela ya mboga zake.

Nilimpeleka mama yule kwenye kituo cha afya, nikalipa, na kwa majuma sita aliyokaa na plasta nilimpelekea sehemu ya mapato yangu kila Jumamosi. Mara ya kwanza nilipofika kwake hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mutoto wangu, ulikuwa unakimbilia wapi?" Nilifungua kinywa kujibu. Beni ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote. Sikuwa na jibu, na hadi leo nikimwona kijana akikimbia najiuliza swali lile kwa sauti ya mama yule.

Nilirudi kwenye hesabu. Ukiongeza mwendo maradufu, umbali wa kusimama kwa breki hauongezeki maradufu bali mara nne. Kwenye tope hata hesabu hiyo ni ya kukupendelea. Nikajiwekea alama barabarani kama nilivyokuwa nazo Suzuka: mti fulani, kibanda fulani, daraja dogo. Nikifika pale naachia mafuta, awepo mtu pembeni au asiwepo. Siri ya alama ni kwamba umeamua mapema, ukiwa na akili tulivu. Ukingoja kuamua wakati mwenzako ameshakutazama, anayeamua si wewe tena.

Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, upande wa magharibi wa mji wetu, na kwa karibu miaka miwili, hadi Juni 2020, barabara zetu zote ziligeuka kuwa njia za shikani. Kila baada ya mwendo fulani palikuwa na kizuizi: unasimama, unashuka, unanawa maji yenye klorini, unapimwa joto la mwili kwenye paji la uso, unaondoka. Abiria walilalamika. Wapo madereva wa moto waliotafuta vichochoro vya mashambani ili wasisimame, na niliwaelewa, kwa kuwa watu walikuwa na uchungu mwingi na walikuwa wamechoka kuamriwa. Lakini kila nilipofikishwa kwenye ndoo ile nilimkumbuka Yaya na kitambaa chake. Aliyekata majani hajapita. Ugonjwa ule uliua zaidi ya watu 2,200. Dakika tatu za kunawa mikono nilizilipa kila siku, na nikawaambia abiria wangu kwamba tutazirudisha mbele, kwenye mnyoofu.

Mwaka 2019, asubuhi moja, mama yule wa sombe alisimama kando ya barabara Mavivi akitafuta moto. Waliokuwepo kijiweni walinitazama, nami nikadhani atachagua mwingine. Alikuja kwangu. Alipanda, akaweka beseni lake, na mkono ule uliowahi kuvunjika ukashika koti langu mgongoni kwa nguvu hadi kitambaa kikanibana kifuani. Hakusema kitu. Nami sikusema.

Mbele kulikuwa na kizuizi, mapipa yamepangwa kushoto na kulia ili magari yapite yakijipinda. Moto mbili zilitupita zikipiga honi. Nilipofika kwenye alama yangu niliachia mafuta, mapema, mapema kuliko ilivyohitajika. Nikapinda kulia taratibu, nikabaki kulia, nikasubiri. Nilihisi uzito wake, wa beseni na wangu ukirudi katikati. Nikageuza kushoto. Na pale moto iliponyooka, kabla sijaongeza mwendo, nilihisi vidole vyake vikiliachia koti, kimoja kimoja.